Utabiri wangu wa hewa ulivyomzuia Mzee Mhina kuchoma matofali, kisa maandazi

Wakuu, wanaostahili shikamoo pokeeni, wengine mambo vipi.

Nipo humu muda mrefu ila sijawahi hata kukomenti. Leo nimeazima simu ya shangazi, na daftari langu la kumbukumbu lipo mapajani, kwa hiyo siongezi chumvi. Aibu yenyewe inatosha.

Mimi kwetu Handeni, ila nasoma Korogwe. Naishi kwa shangazi, Masuguru. Wakati wa kisa hiki nilikuwa form three.

Klabu yetu ya mazingira ilipewa kipimo cha hewa. Kakifaa kadogo hivi kama redio ya mkulima, kanasoma moshi na vumbi kisha kanatoa namba. Kazi ilikuwa kupima kila asubuhi kwenye bustani ya pale mtoni, kisha kuandika utabiri wa kesho yake kwenye ubao wa geti la bustani. Chaki ya kijani, hewa nzuri. Njano, wastani. Nyekundu, mbaya, wenye pumu na watoto wachanga wasije.

Mwalimu wa Jiografia akanichagua mimi. Nilidhani ni kwa akili zangu. Baadaye akaniambia ni kwa sababu sipigi kelele.

Maelekezo yalikuwa rahisi: tundika kipimo kwenye nguzo iliyo wazi karibu na maji, simama hapo dakika kumi, andika.

Tatizo, wakuu, ni kwamba pale kwenye nguzo ndipo vijana wa bodaboda wanapokaa asubuhi.

Siku ya kwanza tu mmoja akapaza sauti, "Dada utabiri! Leo tupumue au tusubiri kwanza?"

Wakacheka wote. Mimi nikaondoka na kipimo changu kama niliyekiiba.

Kuanzia kesho yake nikapata sehemu yangu ya siri. Nyuma ya kibanda cha Mama Zubeda, mama lishe wa pale bustanini. Kulikuwa na msumari mzuri kabisa ukutani. Natundika, nachuchumaa, hakuna anayeniona.

Namba zikapanda balaa.

Nikaandika nyekundu. Kesho yake nyekundu. Keshokutwa nyekundu. Kwenye daftari langu nimeandika, nanukuu: "Leo nimegundua jambo zito kuhusu mji huu." Jamani.

Nikatafuta mchawi. Juu kidogo ya bustani, kando ya mto, kuna Mzee Mhina. Ukuta wa nyumba yake ulianguka masika, akawa anafyatua matofali ya kuujenga upya, na alishaanza kuchoma tanuri la kwanza. Nikaandika chini ya utabiri, kwa mwandiko wangu bora: CHANZO: TANURI LA MATOFALI.

Mtendaji wa mtaa akausoma ubao. Mchana huohuo akamwambia mzee asiwashe tena mpaka hewa irudi kijani.

Wasiojua matofali niwaeleze. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Mzee alikuwa na tanuri la pili limeshapangwa, bado moto tu, na mawingu ya vuli yalishaanza kukaa juu ya milima ya Usambara.

Tanuri likazimwa. Siku nne hakuna moto kule.

Mimi bado nasoma nyekundu.

Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikaandika kwenye daftari kwamba ni moshi wa malori ya Segera. Siku iliyofuata nikabadili, nikasema ni mkaa unaochomwa Handeni. Yaani niliwasingizia hadi watu wa kwetu.

Na shangazi alishaniambia, wakuu. Kila nikirudi kubeba begi la shule ananiangalia, "Wewe mtoto mbona unanuka kama samaki wa kukaushwa?" Nikamjibu ni uchafuzi wa mazingira.

Siku ya tano Mama Zubeda akaenda msibani Kwamndolwa. Hakuwasha jiko.

Kipimo kikasoma chini kabisa. Kijani.

Kesho yake akarudi, akawasha kuni zake za maandazi, moshi ukatokea kwenye upenyo wa ukuta, moja kwa moja kwenye msumari wangu. Nyekundu. Akachungulia, "Umekuja mwanangu? Mimi najua kila siku unakuja kuota moto."

Nikakitoa kipimo msumarini.

Sasa hapa ndipo sijisifu. Nilinyamaza siku mbili. Nikawa naandika njano, eti nishuke taratibu watu wasistukie. Siku ya pili jioni yakapiga manyunyu. Nikapita kwa mzee nikamkuta anaminya kona ya tofali la juu kwa kidole, linabaki mkononi kama ugali. Safu nzima ya juu ilikuwa imelegea. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu, ndiyo ikauma zaidi.

Asubuhi nikafuta ubao wote. Nikaandika: "Hewa ilikuwa nzuri wiki nzima. Mpimaji alipima moshi wa maandazi. Tanuri halina kosa."

Nikashukuru Mungu kwamba ni maandishi, sitaongea na mtu.

Nageuka, Mzee Mhina huyu hapa.

"Binti, nisomee. Miwani nimeiacha nyumbani."

Nikasoma kwa kunong'ona.

"Sikusikii."

Nikasoma tena, kwa sauti. Bodaboda wote wakageuka. Mama Zubeda katoka na mwiko mkononi.

Mzee akaniangalia. "Kwa hiyo mimi nimenyimwa moto kwa ajili ya maandazi?"

"Ndiyo, mzee."

"Twende kwa mtendaji. Ukaseme hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo."

Nikaenda, nikasema. Mtendaji akanigombeza vya kutosha, kisha akamruhusu mzee awashe, ila kwanza watu wa bustani wajulishwe.

Jioni nikatundika kipimo kwenye nguzo, mbele ya bodaboda, dakika kumi zote. Nikaangalia upepo. Unatoka kwa mzee unakuja kwetu. Halafu chaki nyekundu ikanishinda mkononi. Nitaandika vipi nyekundu tena, juu ya mtu huyuhuyu?

Mzee alikuwa amesimama pembeni, safari hii na miwani. "Andika," akasema. "Ya kesho ni yangu kweli."

Nikaandika: KESHO MBAYA. TANURI LINAWASHWA. WENYE PUMU NJOONI KESHOKUTWA.

Kesho yake moshi ulifunika bustani nzima, na hapakuwa na mtoto hata mmoja. Ndio utabiri wangu wa kwanza kuwa sahihi. Mvua kubwa ilikuja matofali yameshaiva.

Nilichojifunza: kujificha kuna moshi wake. Na kama kipimo kinakupa jibu unalolipenda, kwanza angalia umekitundika wapi.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani mwingine ameshawahi kumtia mtu matatani kwa kuona aibu? Wa bodaboda kama mpo humu, naomba msitaje jina langu.