Barasa Alijua Mwisho wa Mchezo Kabla Yetu

Admin, tafadhali nifichie jina, watu wa kwetu wanasoma hapa. Hata majina ya wengine nimebadilisha. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane tangu mwaka jana, na sasa naishi kijijini magharibi mwa Kenya. Nisomeni hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Miaka ya tisini tuliishi mjini, mtaa wa Makongeni, mume wangu akifanya kazi reli. Sisi pekee ndio tulikuwa na televisheni kwenye laini yetu ya nyumba, kwa hivyo kila Alhamisi jioni nyumba ilijaa. Wengine walikaa kitandani, wengine sakafuni, wengine walichungulia dirishani. Kulikuwa na mchezo wa upelelezi ulioshika mtaa mzima. Soja anayelinda duka la vito usiku ameuawa, vito vimeibwa, na inspekta anawahoji washukiwa. Ulipokaribia kuisha, watu waligombana mpaka kwenye foleni ya maji. Fundi wa viatu, jirani yetu, aliapa kwamba muuaji ni mwenye duka. "Huyo tajiri anataka bima! Mtaniambia!" Wengine wakasema ni dereva.

Aliyebishana kuliko wote ni rafiki yangu Mama Nafula. Mume wake alikuwa soja wa godauni huko Viwandani, akauawa kazini mwaka uliotangulia. Waliomuua hawakushikwa. Kila wiki alikaa mbele kabisa, Nafula mapajani, akisema, "Huyu lazima apatikane. Hata kama ni kwa televisheni tu, nione mmoja akifungwa."

Wakati huo Barasa, mdogo wa mume wangu, alikuwa amehamia kwetu kutoka Eastleigh. Kijana mpole, wa vibarua vya hapa na pale, na hakuwahi kuingilia mabishano yetu. Jioni moja, ikibaki kipindi kimoja tu, fundi alikuwa anatueleza jinsi wezi walivyovunja mlango wa duka. Barasa akasema kutoka kwenye kona, bila kumwangalia mtu:

"Hawakuvunja. Soja aliwafungulia mwenyewe. Aliyebisha hodi ni mtu anayemjua, akamwita kwa jina, akamwambia anaumwa. Na huyo hakujua wenzake wataua."

Hayo yote hayakuwa yameonyeshwa kwenye mchezo. Mama Nafula akageuka polepole.

"Barasa, hayo umeyatoa wapi?"

"Nakisia tu, mama."

"Kufuli la godauni la mume wangu lilipatikana zima. Niliwaambia polisi, wakanifukuza. Hapa mtaani sijamwambia mtu. Nakuuliza tena, umeyatoa wapi?"

Chai ilimmwagikia Barasa kwenye suruali na hakuipangusa. Mume wangu akasimama, akajilazimisha kucheka. "Mama Nafula, huu ni mchezo tu. Kijana anapenda kubahatisha." Akazima televisheni kabla hata ya taarifa ya habari, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Watu wakatoka mmoja mmoja. Nilipomuuliza kuna nini, alinijibu, "Ukitaka tuishi vizuri, usiniulize hilo tena." Kesho yake Barasa alibeba begi lake akarudi nyumbani kijijini.

Alhamisi iliyofuata muuaji akajulikana. Alikuwa dereva, na mlango alifunguliwa na soja mwenyewe, vile Barasa alivyosema. Watu walipiga makofi, fundi akazomewa. Mama Nafula hakushangilia. Aliangalia ile kona, akaniuliza, "Ameenda?" Nikamwambia ameenda kulima. Hakuniuliza tena, na urafiki wetu haukuvunjika. Nilipolazwa na mimba ya kitindamimba wangu, ni yeye aliyewapikia na kuwaogesha wanangu. Mume wangu alipofariki, alilia nami kwenye simu mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya mazishi, Barasa alinikuta jikoni nikichambua maharagwe. Sasa ni mzee wa kanisa, na ndiye mkubwa wa boma hili. Akaketi chini kabisa.

"Shemeji, ndugu yangu amekufa na siri yangu, na mimi siwezi kuibeba peke yangu. Mimi ndiye niliyebisha hodi kule godauni. Yule mzee, baba yake Nafula, alikuwa ananigawia chai yake. Wenzangu waliniambia tunaiba tu, hakuna atakayeumia."

Alilia kama mtoto. Kisha akajifuta uso na kusimama. "Ukisema, watoto wangu watakuwa watoto wa muuaji. Na wewe, shemeji, utaishi wapi?"

Hadi leo sijui kama alikuwa ananiomba au ananitisha. Nyumba yangu iko kwenye shamba ambalo hati yake bado ina jina la baba mkwe wangu, na neno la Barasa ndilo linalosikizwa. Nikimtazama akiomba mbele ya waumini, nageuza uso. Halafu nakumbuka vile alivyolia, namhurumia, na kule kumhurumia kunanikasirisha.

Juzi Mama Nafula alinipigia simu. Jumamosi anakuja na Nafula kunipa pole, na watalala kwangu. Barasa amesikia, na sasa kila jioni anapita mlangoni pangu kunisalimu, na hakuwa na desturi hiyo. Nafula naye alichukua simu akaniambia, "Aunty, ukipata nafasi unisimulie baba. Nilikuwa mdogo sana, hata sauti yake siikumbuki."

Ndugu zangu, huyo mtoto nitamwangalia machoni nimwambie nini? Nisaidieni kabla Jumamosi haijafika.