Kioo cha Bwana Vipepeo

Mvumo wa kweleakwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, unafanana na mvua inayokuja kutoka mbali. Hapa kwetu Ugogo, ambako mvua ni mgeni wa siku chache, huo ni ukatili, maana mwili hufurahi kabla akili haijasema neno. Juzi nilikuwa nimekaa nje nachambua mlenda, nikausikia mvumo ule upande wa mashariki, na kabla sijajua ninalofanya nikawa nimesimama, mkono wa kulia juu, unatafuta kombeo. Wajukuu wakacheka, wakidhani bibi ameona nyoka. Nikaketi tena na mlenda wangu. Kwa hiyo leo nawaambieni habari ya kioo, ambayo sijapata kumwambia mtu.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Tuliishi upande wa Msalato katika tembe ya mama: mama, mimi, na mdogo wangu Malogo, ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baba hakuwepo. Mwaka wa nyuma alichelewa siku moja kufika kwenye zamu ya kubeba mizigo ya serikali, akalazwa kifudifudi mbele ya watu akachapwa kiboko, kisha akapelekwa kwenye kazi ya reli. Mama alilazimishwa kusimama pale na kutazama mpaka mwisho. Tangu siku hiyo, akiona kofia nyeupe ya Mzungu kwa mbali, chochote alichoshika kilimponyoka.

Mvua ya mwaka ule ilikuja kwa uchoyo. Mtama ulikauka ukiwa umefika magotini. Kilichosalimika ni shamba letu moja la uwele, na ghala lilikuwa tupu kiasi kwamba hata panya walikuwa wamehama. Mama aliniambia, "Nyemo, uwele huu ndio ng'ombe wetu, ndio baba yako. Ukienda huu, sisi hatuna pa kwenda." Hakuwa anatia chumvi.

Uwele ukikomaa, ndege huja, na watoto na wanawake hupanda madunguni, vichanja virefu vya miti, kuamia. Watu wa mjini hudhani kuamia ni kupiga kelele tu. La, kulikuwa na utaratibu wake. Sauti ilianzia dungu la kwanza kule kilimani, ikapokewa na dungu la pili, la tatu, na kuendelea, huku mawe ya makombeo yakivuma, na kundi la ndege likasukumwa shamba hadi shamba mpaka porini. Jirani akiita, wewe unapokea. Asiyepokea, ndege wa kijiji kizima humwangukia yeye. Sisi tulikuwa na madungu mawili, langu upande wa juu na la mama upande wa chini, na katikati kulikuwa na kichuguu kikubwa, kwa hiyo hatukuonana. Nilimjua kwa sauti. Mama alikuwa na sauti ambayo wanawake wenzake walimtania kuwa inawaamsha mbuzi wa Kondoa.

Ndipo akaja Bwana Vipepeo. Jina lake halisi sikulijua, na kama ningelijua nisingeweza kulitamka. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu na kofia nyeupe, anasafiri na wapagazi wake, na badala ya bunduki alikuwa na sanduku la mbao lenye jicho moja na miguu mitatu. Alijifunika kitambaa cheusi, akalielekeza sanduku lile kwenye maua, kwenye vipepeo na wadudu, kwenye ndege. Wakubwa walimcheka chini kwa chini, mwanamume mzima anatambaa kwa magoti nyuma ya dudu linalosukuma mavi ya ng'ombe. Mimi sikumcheka. Nilikuwa najua kila kitu alichokitafuta. Nilimwonyesha ule mti mfupi wenye tumbo nene na maua ya rangi ya waridi, ambao utomvu wake ni sumu ya mishale. Nilimwonyesha ua jekundu la mviringo linalotoka ardhini kabla ya majani yake. Alikuwa akitikisa kichwa na kucheka peke yake, na kwa mara ya kwanza tangu baba aondoke nilijiona mtu wa maana.

Mpishi wake, mzee wa pwani aliyeitwa Feruzi, ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa Kigogo cha kuokoteza. Siku moja nilileta vunjajungu juu ya kijiti. Feruzi akaruka nyuma na sufuria yake.

"Mtoe huyo mdudu karibu na jiko langu, binti. Ukimgusa huyo utavunja chungu cha mama yako."

Nilikuwa nimeshamgusa. Bwana akampiga picha, nami nikarudi nyumbani nikakagua vyungu vyote, vilikuwa vizima. Nikamwona Feruzi mjinga.

Siku ya tatu tangu wafike walikuja shambani kwetu asubuhi. Bwana akasimika sanduku ukingoni, mahali pa kuliona shamba lote, akazungumza na Feruzi, na Feruzi akaja chini ya dungu langu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Binti, Bwana anasema unyamaze. Anataka ndege watue."

"Mpaka lini?"

"Kitambo kidogo tu."

"Mama atanipiga."

Feruzi akatazama kule kwenye sanduku, halafu akanitazama mimi. Hakusema kwa ubaya. "Mama yako atakupiga wewe. Bwana akikasirika, unadhani atakayelazwa chini ni nani?"

Nilimwona baba kifudifudi. Nikashusha kombeo.

Sauti ya jirani ikaja kutoka juu, ndefu, kama kila siku. Nikaimeza. Nikasema moyoni, si kitu, mama atapokea. Yeye ni mkubwa, yeye atajua la kufanya. Nikatega sikio upande wa kichuguu. Jirani akaita tena, safari hii kwa hasira. Upande wa mama, kimya. Kisha mvumo ule wa mvua ukaja, jua likafifia, na kundi lote likatua katika uwele wetu. Mabua yalipinda kwa uzito. Nilisikia midomo yao ikipasua punje, sauti ndogo, nyingi, karibu sana.

Bwana alikuwa chini ya kitambaa chake. Ndege hawakutulia, wakawa wanainuka na kutua, naye akabadilisha kioo cha picha ndani ya sanduku, akabadilisha tena, na kila nilipofungua mdomo alitoa mkono nje ya kitambaa akanionyesha kiganja. Alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo linalonifanya nimchukie mpaka leo. Hakujua. Alidhani tuna uwele mwingine mahali.

Kitambo kidogo kiliisha jua likiwa utosini. Ndege waliposhiba waliondoka wenyewe. Masuke yalikuwa yamebaki vijiti, na chini kulikuwa na makapi.

Mama alikuja akizunguka kichuguu, Malogo mgongoni. Alisimama katikati ya shamba, akashika suke moja, akaliachia.

"Nilikuwa nimekwenda kisimani," akasema, ingawa sikumwuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ulinyamaza?"

"Walisema ninyamaze."

Hakunipiga. Heri angenipiga, tungelia wote tukamaliza. Alikwenda ndani akalala akiangalia ukuta, na jioni Malogo alilia kiu mpaka akachoka.

Asubuhi msafara ukaondoka kuelekea Mpwapwa. Feruzi alipita nyumbani, hakuniangalia usoni, akaniachia kipande cha kioo kilichofungwa kwa kitambaa. "Bwana anasema hiki kimeharibika. Chukua uchezee." Nilikielekeza juani. Mbingu ilikuwa nyeusi, ndege walikuwa ukungu mweupe usio na umbo, na pembeni kulikuwa na kitu kidogo cheupe kama kigingi. Ningekivunja. Sijui kwa nini nilikificha ndani ya kilindo, kile kimkebe cha gome la mti.

Yaliyofuata sitayasema kwa urefu. Tulikula mizizi, tukala mbegu za nyasi, tukachemsha ngozi tuliyokuwa tunalalia. Malogo alikufa kabla ya mvua ya kwanza. Nilimbeba mimi mpaka kaburini kwa sababu mama hakuwa na nguvu, na Malogo hakuwa na uzito hata wa mbuzi mchanga. Njia nzima nilikuwa nikijiambia, mimi nimemwua. Nilingoja mama aseme sivyo. Hakusema. Nilingoja nikiwa mwali, nikangoja nikiwa nimeolewa, nikamuuguza miaka yake ya mwisho huku nikingoja, akafa hajasema. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yamewazidi umri wajukuu zangu wote.

Baada ya kumzika mama, nilipokuwa nasafisha nyumba yake, nilikikuta kilindo, na kioo kilikuwa kizima. Nikakipeleka mjini Dodoma kwa kijana mwenye duka la picha. Niliketi kwenye benchi lake katika harufu ile ya dawa inayofanana na siki. Alitoka chumbani na karatasi bado ina unyevu.

"Bibi, hii picha ndege wote wameharibika," akasema. "Walikuwa wanacheza. Kilichotulia ndicho kilichotoka. Huyu mama hapa ametoka vizuri sana. Inaelekea hakujitikisa hata kidogo."

Nikaichukua. Kigingi kilikuwa mama. Alikuwa amesimama juu ya dungu lake, kichwa cha Malogo kikionekana begani. Kombeo lilikuwa linaning'inia mkononi, na kiganja cha mkono wa pili kilikuwa kimeziba mdomo. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye kichuguu, upande wangu.

Ndipo nikakumbuka kwamba, ingawa mama alisema alikwenda kisimani, jioni ile hatukuwa na tone la maji nyumbani.

Nilikasirika. Nilikuwa na miaka tisa, yeye alikuwa mwanamke mzima, akaniachia mzigo ule nibebe peke yangu mpaka nywele zikawa nyeupe. Nilikasirika njia nzima kurudi Msalato. Nilipofika nyumbani nikaiweka picha magotini nikautazama tena ule mkono, namna vidole vilivyokandamiza mashavu, namna mtu anavyojizuia kwa nguvu zake zote. Kofia nyeupe ilikuwa ukingoni mwa shamba, na mwanawe alikuwa juu ya dungu karibu nayo. Kama angeita, nani angelazwa chini?

Siku ile nilikuwa nimetega sikio, nasubiri sauti yake. Naye, nyuma ya kichuguu, alikuwa ametega sikio upande wangu, anaomba nisiite.