Alichokiona Mwosha Maiti

Watoto wa Songea hutaniwa kwa mengi, ila sisi wajukuu wa Bakili tulitaniwa kwa jambo moja tu: babu yetu alinyamaza, watu wanne wakanyongwa. Nilianza kuusikia utani huo nikiwa na miaka saba, na sikuwahi kuona cha kucheka ndani yake. Nisiseme uongo, nilimchukia mzee wa watu.

Alikuwa Myao wa Nakapanya. Alifika huku akiwa mpagazi, amebeba kichwani masanduku ya risasi za Wadachi kutoka pwani. Alipochoka kubeba akamwoa bibi yangu Mwanaheri, akabaki. Kwa kuwa alijua Kurani hata watu wakamwita mwalimu, askari polisi wa boma, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, walimfanya mwosha maiti wao. Kazi ilikuwa haba mpaka vita vya Maji Maji vilipotufikia, na tangu hapo mikono yake haikupata nafasi ya kukauka.

Mwanzoni mwa mwaka 1906, mvua ikinyesha karibu kila siku, waliletwa askari polisi watatu waliopigwa risasi kwenye njia ya Mpitimbi. Boma lilisema wameviziwa na wanakijiji. Hata kabla maiti hazijafika, wanaume wanne waliokutwa wakipalilia mahindi karibu na hapo walikuwa wamekwisha kufungwa kamba. Mmoja wao alikuwa Polikarp, mtoto wa jirani yetu Walburga, Mngoni aliyebatizwa na mapadri. Kijana alikwenda kumsaidia mjomba wake palizi, basi.

Haya ya kwenye ubao wa kuoshea maiti niliyajua baadaye sana, lakini nayaweka hapa ili msomaji asipotee. Gobori za watu wa huku zilishindiliwa vipande vya chuma na kokoto, na jeraha lake huchanikachanika vibaya. Babu aliona matundu ya duara, yote yameingilia mgongoni. Alipomgeuza maiti wa tatu, risasi ikadondoka juu ya ubao, ndefu kama pingili ya kidole. Aliijua. Alikuwa amezibeba kichwani kwa maelfu.

Siku ile kulikuwa na kikosi kingine cha boma porini, na ukungu ulikuwa mzito. Huhitaji kupiga ramli kujua nani alimpiga nani.

Lakini mwosha ana mwiko wake. Anayoyaona kwenye mwili huyasitiri, kwa kuwa maiti ni amana, na anayetangaza aliyoyaona ni kama amemvua marehemu nguo mbele za watu. Babu alifundishwa hivyo na baba yake, na hakuwa amewahi kuuvunja. Aliifunga risasi kwenye pindo la shuka yake, akawazika wale watatu, akanyamaza.

Kesho yake Walburga alikuja, akapiga magoti mlangoni petu.

“Mwalimu,” alisema, “wewe umewashika kwa mikono yako. Niambie tu kama mwanangu ndiye aliyewaua.”

“Mama Polikarp,” babu akamjibu, “ya maiti hayasemwi.”

Majirani walisikia. Siku ya tatu yake wale wanne walinyongwa, na jibu hilo likawa ndilo jina letu. Walburga hakumwamkia babu tena kwa miaka thelathini na miwili. Wakikutana njiani, yeye ndiye aliyeingia majanini ampishe, na babu alisimama akitazama chini mpaka apite. Mimi nilikuwa nikiwaona, nami moyoni nilikuwa upande wa yule mama.

Babu alikufa mwaka 1938. Aliacha wasia wa ajabu, ambao nusura masheikh waukatae: atakayeniosha aseme alichokiona. Aliyemwosha ni Majaliwa, mtu ambaye babu mwenyewe alimfundisha kazi. Alitoka nje amelowa mpaka viwikoni, akasimama mbele yetu waombolezaji.

“Ameniusia niseme,” alisema. “Chini ya kiuno kuna makovu ya kiboko cha boma. Ni ya zamani, na ni mengi. Wakubwa mnajua Mdachi alikuwa anapiga ngapi.”

Ishirini na tano. Kila mzee pale alijua. Mimi nilimgeukia bibi, naye hakuonekana kushangaa hata kidogo.

Walburga alikuwa amekuja, amekaa mbali karibu na uzio, kwa maana msiba hauna ugomvi. Alinyanyuka kwa fimbo yake, akamfuata bibi, akamuuliza ni lini.

Bibi alisema ni siku ile ile alipokuja kupiga magoti. Alipoondoka tu, babu alijifunga shuka, akaenda bomani. Alimkuta karani Daimu akiwaandika askari waliokufa. Wale waliingia kazini kwa majina ya kubandikwa, na Daimu, mtu wa kupenda usahihi, alitaka jina la kweli la kila mmoja, la baba yake na la kwao. Babu alimpa yote, maana aliwazika kwa majina hayo. Kisha akaiweka ile risasi mezani, akasema na hii iandikwe. Daimu aliitazama, akasema majina atayaandika, ila sababu ya kufa ililetwa kwake ikiwa tayari. Babu akachukua risasi yake, akaingia kwa bwana mkubwa mwenyewe. Walimtoa kwa viboko, na risasi hawakumrudishia.

“Mbona hakuniambia?” Walburga aliuliza.

“Alisema kusema kwake hakukukurudishia mtoto,” bibi alijibu. “Na mlangoni alikukatalia kweli. Hakutaka kujisafisha.”

Yule mama aliegemea fimbo yake kwa mikono miwili.

“Miaka yote hii namlaani,” alisema, “kumbe ndiye niliyepaswa kulia naye.”

Niliona haya mpaka nikashindwa kubeba jeneza la babu yangu.

Nasikia kitabu cha Daimu kiliwaandika askari watatu vizuri, kila mmoja na baba yake. Walionyongwa kiliwaita “watu wanne wa Mpitimbi”. Mimi namwandika Polikarp wa Walburga. Wale wengine watatu nimekwenda kuwaulizia Mpitimbi mara nyingi, na aliyewajua kwa majina sijampata.