Magunia Matatu ya Kijiji Kizima

Baba yangu ni mtu wa mipango, na hilo ndilo tatizo letu la kudumu nyumbani. Mwaka ule mahindi yalikubali milimani kwetu, upande wa Ukata, na wanunuzi wa ziwani wakapandisha lori kuja kuyachukua. Sharti lilikuwa moja: kibali cha kuuza hakitoki mpaka afisa wa serikali apite nyumba kwa nyumba na kuona kila kaya imebakiza magunia matatu ya chakula. Nyumba moja ikikosa, kijiji kizima hakiuzi.

Sharti la haki kabisa. Shida ni kwamba nyumba tano hazikuwa na kitu ghalani, na dereva wa lori alikuwa siku ya tatu uwanjani pa kanisa, akitishia kurudi kwao Lipingo, kule ziwani, bila mzigo. Wenye mahindi tungeweza kuwagawia wale watano, mambo yakaisha. Baba akasema kugawa ni hasara. Ujirani ni kuazimana.

Kwa hiyo magunia yetu matatu yakaanza ziara. Afisa alifuata barabara inayozunguka kilima, nasi tukakata moja kwa moja katikati ya ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, ili tumtangulie kila nyumba. Mimi, mwalimu wa hesabu niliyekuja likizo kupumzika, nilipewa gunia na kaka zangu wawili wakapewa mengine. Niliingia kwenye mashimo manne. La tano nililiruka, nikaingia la sita.

Ili tupate muda, kila nyumba ilimsalimia afisa kwa kirefu, kuanzia afya ya mifugo, na zenye chakula zikamlisha. Kufikia nyumba ya tatu kati ya zile tano alikuwa amekula viazi, kande na togwa vikombe viwili, na alitembea ameshika mkanda. Laiti angekagua kwa tumbo tu, tungepita bila gunia hata moja.

Kilichotuponza ni kuku. Gunia langu lilikuwa na tundu, na kuku wetu asiye na mkia akafuata punje nyumba hadi nyumba. Nyumba ya nne afisa alimtazama sana, kisha akauliza kama kuku wote wa kijiji hiki hawana mikia.

Baba akajibu bila kupepesa, "Ndiyo mbegu ya huku, mheshimiwa."

Nyumba ya tano ilikuwa ya shangazi, dada mkubwa wa baba, mjane anayeishi mwisho wa kilima. Afisa akahesabu magunia, akaandika, akamwomba aweke dole gumba kwenye fomu. Akatoa kibali palepale na kuondoka zake akipiga mbweu. Baba aliingia akitabasamu kuchukua mali yake, akamkuta dada yake amekaa juu ya magunia, anachambua majani ya maboga.

Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza kwa heshima kwamba sasa tunaondoka na mzigo.

Shangazi hakuinua macho. "Mdogo wangu, serikali imeandika kwamba hiki ni chakula changu, na mimi nimeweka dole. Unataka nimdanganye afisa?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baba angemshtaki wapi, na angeanzia wapi kueleza? Nikageuka nimpe shangazi pongezi, ndipo nikaona jiko lake. Majivu yalikuwa baridi, na saa nane mchana ilikuwa imepita. Yale majani ya maboga ndiyo yalikuwa chakula chenyewe. Tangu nifike likizo nilikuwa nimepita pale mara nne, nikamwamkia na kuendelea na safari zangu. Nikaona aibu ambayo hata leo haijaisha.

Baba naye alikuwa akiangalia jiko. Akaniambia kwa sauti ya chini nimwashie dada yake moto.