Kinga Iliyomgeukia Bibi Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti, hadubini na kimya. Ilikuwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Wakubwa wengi wa hospitali yetu ya mjini Unguja walikuwa wameondoka, na viti vyao vilikuwa vikitafuta wa kuvikalia. Mimi nilikuwa binti wa Mkunazini niliyemaliza skuli juzi juzi, mwanamke peke yangu maabara nzima, na mama alishaapa kwamba nikishika damu za watu sitapata mume. Nilimpata, tena mzuri, lakini hiyo si habari ya leo.

Mkuu wa Maabara, mzee mwembamba mwenye koti lililopigwa pasi hadi linaweza kusimama lenyewe, alinikalisha dirishani. Hadubini zetu hazikuwa na taa. Kwa chini zilikuwa na kioo kidogo, nawe unakigeuza mpaka kikamate mwanga wa jua. Kwa hivyo tuliyangoja mawingu yapite kama watu walioanika karafuu. Wingu likiziba jua, damu yote inazama gizani, nasi tunakaa tukisikiliza kengele za baiskeli uchochoroni.

"Binti," aliniita.

"Naam."

"Jicho likichoka lifumbe. Usiliache likaanza kukuhadithia."

Hata leo nikifumba macho naiona ile nchi iliyokuwa chini ya kioo. Chembe nyekundu zimelala kwa maelfu, hazina haraka. Katikati yake, mojamoja, zipo chembe nyeupe zenye kiini cha zambarau. Hizo ndizo kinga ya mwili: zinazunguka, zinamkagua kila mgeni, na asiyetakiwa humezwa. Nilizipenda nyeupe. Nilikuwa nikizitazama hadi nasahau chai.

Baadaye nilihamishiwa Makunduchi kutazama malaria. Bwana Afya wa kule, mtu wa maneno machache, alinifundisha kukausha damu isiliwe na nzi na kutomwambia mgonjwa neno kabla ya kulihakikisha. Kisha nikarudishwa mjini, nikiwa msaidizi kamili, na hapo ndipo alipoletwa Salha.

Aliletwa na Bi Mize. Bi Mize alikuwa somo, yaani mwanamke anayempamba na kumfunda mwari kabla ya ndoa, na nusu ya maharusi wa mji walipita mikononi mwake, dada yangu akiwamo. Asubuhi hiyo alisimama mlangoni pa maabara amemshika mkono msichana aliyefunikwa buibui.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie. Huyu mtoto katoka shamba, Kidichi, na harusi yake Ijumaa. Nimemfungia ndani, nnamsugua mwili, nnamsinga liwa na manjano, na kila nikimsinga anang'ara. Wanawake wanakuja, wananisifu, ati manjano ya Kidichi yamekolea! Nami nkavimba kichwa. Leo nkamwogesha, maji yakatoka meupe, na yeye yuko vile vile. Nkamfunua jicho." Akanisogelea. "Mwanangu, jicho halisingwi."

Nilimfunua buibui. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano. Nikamkalisha, nikamtoa damu, na taratibu akanieleza: viungo vinamuuma tangu kabla ya Ramadhani, siku zake za mwezi zimekoma, mkojo umekuwa rangi ya chai, na mwili unawasha hadi halali. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nkilalamika watasema nimemkataa mume," alijibu. "Nami simkatai."

Daktari wa wodi, mgeni kutoka ng'ambo, alimlaza siku hiyo hiyo. Wote tulidhani ni homa ya ini, ile inayoambukiza. Akawekwa pembeni, akapewa sahani yake na kikombe chake. Habari mjini petu hazihitaji viatu. Kabla ya alasiri alikwishafika mama wa bwana harusi kutoka Malindi, mtaa wa hapo hapo mjini, mwanamke wa heshima aliyenukia udi, akasimama mbali na kitanda.

"Ugonjwa wake unaambukiza?" alimuuliza Mkuu wa Maabara, aliyekuwapo wodini.

"Bado hatujui, bibi. Daktari ana shaka zake. Ugonjwa huu ni wa miezi, na nyumbani kwao hakuna mwengine aliyeumwa. Tungoje hadi kesho."

"Kesho wageni wanaanza kuingia. Mie nna wajukuu ndani ya nyumba." Akamtazama Salha, nadhani kwa huruma, kisha akatoka.

Salha alinishika kidole, kama mtoto anavyokishika. Hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Mama mkwe akija kesho nitakuwa nna jibu la kumpa?"

Kipimo alichokitaka daktari tulikuwa hatujakifanya sisi kwa mgonjwa wa ini. Damu inaachwa igande, inapondwa na kupitishwa katika chujio la waya, inakaa kwenye uvuguvugu, inazungushwa kwa mashine, kisha ule utando mweupe ndio unaopakwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Tulikianza jioni ile tukakimaliza asubuhi. Nikakaa dirishani. Nilitafuta ile chembe aliyotueleza daktari, nikafumba jicho, nikatafuta. Wingu likaja likakaa. Sijapata kulichukia wingu namna ile. Lilipoondoka mwanga ukarudi polepole, na katikati ya mwanga ilikuwapo chembe nyeupe imevimba. Tumboni mwake lilikuwamo donge laini la zambarau, na kiini chake yenyewe kimesukumwa ukingoni.

Nilimwita Mkuu. Alitazama muda mrefu. "Subhanallah," akasema. "Imemeza kiini cha chembe nyenzake."

Daktari alipokwisha kuthibitisha, akiunganisha na alichokiona kitandani, Mkuu alimweleza Salha na Bi Mize kwa lugha ya watu wa mashamba ya Kidichi. Mlinzi wa shamba, alisema, kazi yake ni kumpiga mwizi wa karafuu. Wa huyu mtoto amemfananisha mwenye shamba na mwizi. Kinga yake imetengeneza silaha dhidi ya viini vya mwili wake mwenyewe, na chembe za ulinzi zimekusanyika kwenye ini, zinalitafuna kama vile ni adui. Ini likiumia hushindwa kuondoa nyongo, na nyongo ikijaa damuni ndiyo inayopaka macho manjano. Jambo hilo haliambukizi. Hakulipata kwa mtu na hampi mtu.

"Basi nani kamfanyia?" aliuliza Bi Mize.

"Hakuna mtu, Bi Mize."

Bi Mize alilia kwa sauti. Nadhani alikuwa tayari kubeba lawama yoyote, ila si hiyo isiyokuwa na mwenyewe.

Tulituma mtu mbio Malindi. Akarudi na jibu la yule mama: ugonjwa usioambukiza ungekuwa na jina. Nasi kwa kweli jina la Kiswahili hatukuwa nalo. Ijumaa ile bwana harusi aliozwa binti ya mamake mdogo, na ngoma zilisikika mpaka wodini. Salha aligeukia ukuta. Nilikaa naye, nikamsuka nywele.

Alianzishwa vidonge vya kuituliza kinga. Daktari alituonya kwamba mlinzi akilazwa usingizi hata mwizi wa kweli hupita, kwa hivyo kila kikohozi chake tulikiogopa. Vidonge vikamviringisha uso, watu wakasema kanenepa kwa kukosa haya. Lakini wiki hadi wiki macho yalisafika. Mara moja, akijiona mzima, aliviacha vidonge. Manjano yakarudi, naye akarudi wodini, na safari ile aliogopa kweli kweli. Hakuviacha tena ila kwa amri ya daktari, kidogo kidogo.

Nimestaafu zamani. Vijana wa maabara wananieleza mengi tuliyokuwa hatuyajui. Wanasema wapo walinzi ambao kazi yao ni kuwatuliza walinzi wenzao, na hao wakilegea ndipo vita vya wenyewe kwa wenyewe vinapoanza. Wanasema mtu huzaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huo, kisha kuna kitu kinachokuja kuuwasha. Ni kitu gani hasa, hata wao bado wanabishana. Mimi nawasikiliza nikiiona ile zambarau ya chini ya kioo.

Salha aliolewa baadaye Chukwani, na fundi seremala, akazaa. Hunitembelea, naye sasa ni bibi mwenye fimbo. Juzi nilimweleza hayo ya vijana, kwamba kinga ile haikuwa na ubaya naye, ilidhani inamlinda. Alitikisa kichwa taratibu, akamaliza kahawa yake.

"Mwili wangu mie nshausamehe," akasema. "Wale watu wa Malindi, bado."