Mpaka Alipoanza Kuvaa Lile Koti

Katika usharika wetu wa Tunduma kuna kikohozi kinachojulikana. Kila Jumapili, Sala ya Bwana inapofika mahali pa kusamehe, mwanamke mmoja wa benchi la nne, upande wa dirishani, hukohoa. Si kikohozi cha vumbi, ingawa vumbi la malori tunalo la kutosha kuuza nje ya nchi. Ni kikohozi cha kupimwa: huanza neno moja kabla na kuisha neno moja baada. Wageni humpa pole. Wenyeji wamezoea, na wapo watoto waliokua wakidhani ni sehemu ya sala.

Mwenye kikohozi ni Gwantwa, mama Lusajo, fundi cherehani, umri miaka hamsini na mmoja. Jina lake kwa Kindali maana yake ni "wa Bwana," naye kwa muda mrefu alilichukulia kama anwani, si kama wito.

Kabla ya kuja huku aliishi kwao, kwenye vilima vya Ileje, na mumewe Aliko. Aliko alikuwa mtu wa kifua kibovu, na baridi ya kule haina adabu. Mkewe akamshonea koti. Lilikuwa la kitambaa kizito cha rangi ya kahawia, bitana ya kitenge cha kijani chenye picha za ndege, vifungo vitano: vinne vyeusi na kimoja cha bluu, kwa sababu vyeusi vilikwisha. Aliko alilivaa miezi miwili, akafa. Daktari aliandika nimonia.

Siku ya tatu ya msiba, wakati wa kuwashukuru waombolezaji, alisimama dada wa marehemu, jina lake Tumpale, kusema kwa niaba ya ukoo. Akashukuru kwa kuni. Akashukuru kwa maturubai. Akaishukuru kwaya, ambayo kwa kweli haikustahili. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua:

"Kaka yangu alikuwa mzima mpaka alipoanza kuvaa lile koti."

Akaketi. Hakumtaja mtu, hakutaja uchawi. Huo ndio ufundi wenyewe. Mwenye kumtaja mtu unaweza kumpeleka barazani, lakini koti huwezi kulisimamisha lijitetee. Kuanzia kesho yake hakuna aliyekunywa chai kwa Gwantwa. Wenye nguo zao mezani kwake walikuja kuzichukua kabla hazijaisha, na mmoja aliondoka na shati la mkono mmoja, akaona ni nafuu kuliko kusubiri wa pili. Koti, wakasema, limechomwa moto. Baada ya mwezi mjane alipakia cherehani kwenye Fuso lililobeba ndizi akaja Tunduma, mji ambako hakuna anayekuuliza unatoka wapi, kwa kuwa wote wanataka kujua unakwenda wapi.

Hapa alistawi. Aliwashonea suti mawakala wa forodha, akawashonea magauni ya vitenge wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, waliovuka kwa miguu na kumwita bamayo, yaani mama. Mchana alishona, na akishona aliwaza. Alimwaza Tumpale kwa bidii ambayo wengine huiweka kwenye neno la Mungu. Alimuua kwa radi. Alimtumbukiza kwenye Mto Songwe. Akamfufua, kwa sababu kifo kilikuwa kifupi mno, akampa uzee wa upweke na paa linalovuja.

Na bado alimpenda Mungu. Hilo ndilo lililomtesa. Kila asubuhi, saa kumi na mbili, alipita mlangoni mwa kanisa akawasikia akina mama wa maombi, kila mmoja kwa lugha ya mama yake, Kinyiha, Kinamwanga, Kindali, vyote kwa pamoja, kisha akawaona wakitoka na nyuso kama vyombo vilivyooshwa. Aliwaonea wivu. Alitaka kuingia. Hakuingia.

Siri yake aliijua rafiki yake mmoja tu, Violet, Mnamwanga anayeuza viatu kibanda cha jirani. Siku moja Violet alimuuliza anaogopa nini, moto wa jehanamu au mapepo. Gwantwa alisema haogopi hata kimoja. "Mungu ukimsogelea sana, anaanza kuomba vitu," alisema. "Ataniomba Tumpale. Na mimi sina kingine."

Kulikuwa na tatizo jingine, la lugha. Kwa Kindali neno tumpale ni "tumshukuru," na hakuna Mndali anayeweza kuomba sentensi mbili bila kulitumia. Kwa hiyo Gwantwa hakuomba kwa Kindali. Aliomba kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha nzuri ya mpakani. Unavuka nayo bila kufunguliwa mizigo. Alimshukuru Mungu kwa Kiswahili miaka tisa na hapakutokea lolote, si baya wala jema.

Tena usharika wetu una desturi. Ijumaa kabla ya Meza ya Bwana, kila anayetaka kushiriki huenda kwa mzee wa kanisa, naye humuuliza swali moja: "Una neno na mtu?" Ukiwa nalo, mnalitafutia mapatano kwanza. Mara nne kwa mwaka, kila Ijumaa hiyo, Gwantwa alikuwa na kitambaa cha kufuata Nakonde. Mzee Rubeni, mzee wetu wa zamu, aliandika mbele ya jina lake neno moja: Safari. Mara thelathini na sita. Kwa kumbukumbu zile, hakuna mwanamke aliyesafiri zaidi yake katika mkoa wa Songwe, na umbali wenyewe ni dakika ishirini.

Mwaka huu, mwezi wa nane, semina ya akina mama ililetwa kwetu, na kazi ya kushona sare akapewa Gwantwa. Vipimo vya wajumbe wa Ileje vilikuja kwa basi, ndani ya bahasha. Alizipanga karatasi mezani. Ya kumi na nne ilikuwa kuukuu, imekunjwa mpaka inakatika, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: Tumpale, kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na nane, nyonga arobaini na sita. Alikuwa amempima kwa ajili ya harusi fulani, enzi wakiitana wifi kwa mapenzi. Mwanamke yule alikuwa ameitunza ile karatasi miaka yote. Koti la Gwantwa linaua, lakini vipimo vya Gwantwa ni vya kuaminika.

Adui alikuwa amejileta mwenyewe, kwa inchi.

Mpango aliutunga siku hiyohiyo. Fundi anaposhona huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, mwili ukipanuka nguo ipanuliwe. Kwa Tumpale hakuacha hata kidole. Na mshono wa nyuma wa sketi aliupiga bandi tu, ule mshono mrefu wa muda ambao fundi huung'oa akishashona wa kweli. Wa kweli hakuushona. Tumpale atapiga magoti mbele ya akina mama mia sita, na sketi itatoa ushuhuda. Kisha yeye Gwantwa atasimama na kusema kwa upole kwamba sketi ilikuwa nzima mpaka wifi alipoanza kuivaa.

Alimweleza Violet. Violet aliweka kiatu chini akafikiri, kama mtu aliyeombwa ushauri wa kitaalamu.

"Mama Lusajo, na akivaa gagulo?"

"Ameshavaa gagulo lini, yule?"

"Basi Mungu ni mwema," alisema Violet.

Wajumbe wa Ileje walifika Alhamisi. Walishukia uani mwa kanisa, upepo wa Tunduma ukawapokea kwa mchanga usoni. Gwantwa alisimama mlangoni na futi yake shingoni na pini mdomoni, akihesabu wanaoshuka. Tumpale alishuka wa mwisho. Alikuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, shingo imebaki mishipa. Sukari, walisema waliokuja naye, mwaka wa tatu sasa. Na juu ya mwili huo ulioisha alikuwa amevaa koti la kahawia la kiume lenye vifungo vitano, vinne vyeusi na kimoja cha bluu.

Tuseme ukweli: jambo la kwanza alilolisikia Gwantwa lilikuwa furaha. La pili lilikuwa hasira, tena si kwa Tumpale. Alihisi kwamba Mungu amemlipizia bila kumshirikisha, kama mtu anayekuvunia shamba lako mwenyewe akakuachia mabua. Kwamba kisukari hakina habari ya makoti, wala hakisubiri maagizo ya fundi, halikumjia akilini.

La tatu lilikuwa ile sentensi. Ilikuja nzima, imepigwa pasi. Wanawake wa Ileje walikuwa wamewazunguka, walewale waliokataa chai yake. Ilitosha kutoa pini mdomoni na kusema: wifi ulikuwa mzima mpaka ulipoanza kuvaa lile koti. Tumpale asingepona. Kwao Ileje neno hilo lingemfuata hadi kaburini, tena haraka.

Alitoa pini mdomoni. Moja, mbili, tatu. Na kwenye pini ya nne akaona mahali alipo. Aliyeshona koti ni nani? Akisema kwamba linaua, atakuwa amekiri. Miaka tisa alikuwa ameunoa upanga ambao hauna mpini. Ni makali pande zote mbili.

Akazirudisha pini mdomoni. Akamvisha wifi yake ile sare, ambayo ilimning'inia kama imetundikwa kwenye msumari. Hapakuwa na mwili wa kupasua mshono wowote.

"Nipunguzie, wifi," alisema Tumpale. "Nimepungua."

"Naona," alisema Gwantwa, na hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza kati yao tangu msibani. Akaibana ubavuni, mshono wa nyuma akauacha na bandi yake.

Ijumaa Mzee Rubeni alifungua daftari, akaandika herufi ya kwanza ya Safari kwa mazoea, akainua macho akamkuta amekaa mbele yake. Akauliza swali lake.

"Una neno na mtu?"

"Ninalo."

"Nani?"

"Tumpale."

Mzee Rubeni ni Mnyiha wa Nanyala, lakini mama yake alitoka Undali. Akainamisha kichwa, akafumba macho. "Kweli," alisema, "tumshukuru."

"Hapana, mzee. Ni mtu."

Akafumbua macho. Alimsikiliza mpaka mwisho, koti na karatasi na bandi, akamuuliza sasa anataka nini. Gwantwa akasema anataka kulipiza, na anataka pia kuomba kama wanavyoomba wenzake, na amejaribu kuyaweka yote mawili kwenye kikapu kimoja, hayakai. Akasema anaogopa.

"Kayaseme hayo kesho kwenye maombi," alisema mzee. "Kwa Kindali."

"Nitayasema vibaya."

"Miaka tisa unakohoa vizuri, kumekusaidia nini?" Akafuta ile herufi, akaandika: Amefika.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Gwantwa aliingia mlango aliokuwa akiupita. Akina mama waliomba kwa pamoja mpaka sauti zikachoka, kisha kiongozi akataka Mndali mmoja afunge. Gwantwa akasimama. Mikono iliyotunga nyuzi kwenye sindano miaka thelathini haikujua pa kukaa. Akaanza kwa lugha ya mama yake. Sentensi ya kwanza ikapita. Ya pili ikafika kwenye neno, na neno halikuwa na njia ya pembeni. Akalitoa kama mtu anayetema mfupa: tumpale.

"Ee, wifi," aliitika Tumpale, benchi la pili.

Wawili watatu walicheka ndani ya khanga zao. Gwantwa akafumbua macho, jambo ambalo kwetu halifanywi katikati ya maombi, akaendelea kuomba akimtazama. Alimwambia Mungu kwamba kuna mwanamke alisema sentensi moja msibani, na kuna koti lililosemekana limechomwa. Alimwambia kwamba hakuwa anasogea karibu kwa kuogopa kuombwa mwanamke huyo. Sasa amesogea, amekuja naye, hakumsafisha wala hakumfunga vizuri, amchukue alivyo. "Lakini koti ni langu," alimalizia. "Amina."

Amina ya wenzake ilichelewa kidogo.

Tumpale alisimama, akaanza kufungua vifungo. Alianza na cha bluu. "Nilisema kwa uchungu," alisema. "Halafu walipotaka kulichoma, nikaona ni koti zuri."

"Ni zuri. Nilishona mimi."

Kama hiyo ilikuwa toba, na kama huo ulikuwa msamaha, wenye elimu hiyo waseme. Gwantwa alilipokea koti, akadai na sare pia. Tumpale hakuelewa kwa nini. Mchana wote cherehani ililia, na Violet, aliyechungulia, aliona mshono wa nyuma ukipigwa mara mbili, kwa nguvu, kwa hasira, ule mshono ambao hata ng'ombe wawili hawaupasui. Akamuuliza kulikoni. Gwantwa akamwambia asimsemeshe.

Jumapili alikwenda kwenye Meza ya Bwana akiwa amevaa koti. Alipita katikati ya akina mama wote wa Ileje, polepole kuliko ilivyohitajika, na kitenge cha ndege kikionekana kila alipotikisa mkono. Wao walimkodolea macho wakisubiri aanguke. Jua lilipanda, wengine wakavua masweta; yeye hakuvua mpaka basi lao lilipoondoka, na alilisindikiza hadi barabarani ili wamwone vizuri, wakiwemo waliokaa upande wa pili.

Tumpale aliketi dirishani, amejifunika khanga mbili. Alipiga magoti mara tatu siku ile, na mshono ulishika.

Kikohozi bado kipo. Kimekuwa kifupi, siku hizi humeza neno moja tu, na Gwantwa anasema hilo nalo analifanyia kazi. Saa kumi na mbili asubuhi yumo ndani na wenzake, anaomba kwa Kindali, na lile neno hulitamka bila kukwama, mara nyingi kuliko wengine. Koti hulivaa kila baridi ikija. Huu ni mwezi wa tano tangu aanze kulivaa, na ni mzima. Anasema, kwa furaha ambayo sidhani yote ni ya rohoni, kwamba anakusudia kuishi sana, na kwamba habari za afya yake huwa anazituma Ileje kila basi linapoondoka.