Burashi ya Umeme na Singo ya Harusi

Niseme mapema mnicheke mara moja yaishe: siku wanawake wa upande wa bwana harusi walipokuja kunitia hina, nilipofunuliwa ushungi, mmoja wa mbele alisema, "Audhubillahi." Alikuwa anaangalia uso wangu.

Kisa ni chunusi. Shoga yangu, anayefanya kazi nyumba ya wageni kule Shela, aliniambia wageni wanajisugua uso kwa burashi ya umeme, ngozi inakuwa ya kitoto. Nikaagiza kwa simu, ikaja na boti ya Mokowe. Mimi shule niliachia kidato cha pili, hesabu ndiyo iliyonifukuza, lakini hii nikaona nimeipata. Somo wangu, yule mama wa kunifunda, alikuwa akinisinga kwa mkono, polepole. Mashine inazunguka mbio. Basi nikipaka singo, ule msuguo wa viungo wa bi harusi, nikapitisha mashine juu, si nitang'aa kabla ya wenzangu wote?

Nikajifungia chumbani. Singo nene, karafuu na maganda ya machungwa yaliyosagwa. Nikawasha. Ikalia kama nyuki aliyefungiwa koponi. Shavu likaanza kuwaka. Nikajiambia, uzuri huo unaingia. Nikaongeza kasi. Uani kina mama waliokuwa wakichagua mchele wakanyamaza wote pamoja, nikabaki na ule mlio peke yangu. Singo ikageuka rangi ya kutu.

Somo akagonga, nikafungua. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alifunga mlango nyuma yake.

"Yeo umefanyani, mwanangu?"

"Nimejisinga, Bi."

"Na wageni wa hina wanakuja lini, umesahau?"

"Kesho."

Akanong'ona, "Mamake bwana asikuone hivi. Posa ya kwanza ya mwanawe, yeye ndiye aliyeivunja."

Hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Akanipaka liwa, ule msandali wa kupoza ngozi, uso ukawa unapwita chini yake. Kila kiatu kilichopita barazani, nilidhani ndiye mamake bwana.

Kesho yake wakanitia poda juu ya poda. Nikatabasamu, ikapasuka. Ndipo ile "Audhubillahi."

Mama mkwe akainuka. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anachagua samaki. Halafu akanishika mkono, akaubonyeza juu ya kiwiko, akatikisa kichwa kukubali. Akaitisha hina.

Wageni walipoondoka nikamwambia shoga yangu, alhamdulillahi, nimepona, posa haikuvunjika. Yeye hakucheka.

"Shoga, nyumba ile ina kazi. Mwenye kununua punda haangalii uso."